Cape Town: wapiga mbizi wa maji baridi wamepoteza papa wao

Kwa miaka mingi, mtu aliyepiga mbizi Miller's Point, karibu na mji mdogo wa Simon's Town, kusini ya Cape Town, hakuhitaji bahati ili aone papa. Alishuka metre kumi hivi, akatulia katikati ya majani marefu ya baharini, na papa wa matamvua saba, wengine karibu metre 3, wakapita polepole pembeni yake bila kumjali. Mwezi wa Novemba 2015, wapiga mbizi walikuta mizoga ya papa hao chini ya maji. Ilikuwa imepasuliwa, na kitu kimoja tu kilikuwa kimeondolewa: ini.

Waliofanya kazi hiyo wanajulikana kwa majina. Ni orka wawili madume, Port na Starboard. Mabaharia hutumia maneno hayo kwa upande wa kushoto na wa kuume wa meli. Mmoja pezi lake la mgongoni limelalia kushoto, mwingine kuume. Mwaka 2017, mizoga ya papa weupe, wale wanaoogopwa kuliko wote, ilitupwa ufuoni Gansbaai, nayo bila ini. Mwezi wa Februari 2023, zaidi ya papa 15 wa matamvua saba waliokotwa Pearly Beach.

Kwa msomaji wa Uvira ama Kalemie, neno "baridi" linahitaji maelezo. Maji ya Ziwa Tanganyika yako na digri 24 mpaka 28 hivi juu, na hata chini kabisa yanabaki karibu 23. Cape Town ni dunia nyingine. Wakati wa joto, upepo wa kusini-mashariki unasukuma maji ya juu mbali na pwani ya Atlantiki, na maji ya chini yanapanda kuchukua nafasi yake. Hapo kipimo kinaweza kushuka chini ya digri 10, wakati watu wanaota jua ufuoni. Maji hayo huwa safi sana, mpaka vijimea vidogo vinapoongezeka na kuyageuza ya kijani. Wakati wa baridi, mawimbi makubwa yanapiga upande wa Atlantiki, basi wapiga mbizi wanahamia False Bay, ambako maji yako na digri 13 mpaka 15. Huvaa nguo ya mpira ya milimita 5 ama 7, kofia, na glavu. Wakongomani wanaoishi kule, nao ni wengi, wanaelewa.

Baridi hiyo ndiyo inayolisha. Maji ya chini yanabeba chakula cha mimea, na mwani unaota mpaka unapita metre 10, kama msitu. Ndani yake mna pweza, kamba na papa wadogo wenye mistari. Humo ndimo Craig Foster alifuata pweza mmoja, na filamu yake ikapata Oscar mwaka 2021.

Papa weupe, wao, karibu wametoweka False Bay tangu mwaka 2018 hivi. Wanasayansi hawakubaliani juu ya sababu. Wengine wanasema orka wamewafukuza kuelekea mashariki. Wengine wanasema hesabu yao imepungua kwa ujumla, juu ya uvuvi na nyavu za KwaZulu-Natal. Kwa maoni yetu, swali hilo si dogo: papa aliyehama anaweza kurudi, aliyevuliwa harudi.

Utafiti wa Neil Hammerschlag na wenzake, uliochapishwa mwaka 2025, ulilinganisha video za chini ya maji za zamani na za sasa. Papa weupe walipoondoka, sili waliongezeka, na samaki wanaoliwa na sili wakapungua. Papa wa matamvua saba nao walianza kuonekana Seal Island, ambako zamani hawakuthubutu, na papa wadogo wanaowindwa nao wakapungua.

Mpiga mbizi wa leo anakutana basi na sili zaidi kuliko papa. Ni wanyama wa mchezo, hupenda kuvuta miguu ya mpira ya wageni. Lakini mwaka 2024 kichaa cha mbwa kilithibitishwa kati ya sili wa pwani hiyo. Anayeumwa anapaswa kuosha kidonda mara moja kwa maji na sabuni, kisha akimbilie chanjo, sawa na aliyeumwa na mbwa huku kwetu.