Unataka kufuta tatuu? Usianze na pasi wala maji ya betri

Kila linapotoka tangazo la ajira za Jeshi la Polisi, kuna sharti moja linalowakosesha vijana usingizi: mwombaji asiwe na alama yoyote ya kuchorwa mwilini. Jina la mpenzi lililochorwa begani enzi za sekondari, kwa kufuata mkumbo tu, linageuka kikwazo cha ajira. Wengine hawana shida na ajira. Wameolewa, na jina lililoko kifuani si la mume aliyemo ndani.

Hapo ndipo watu hujiumiza. Yupo anayejichoma kwa pasi, anayejipaka maji ya betri, na anayenunua krimu ya mtaani aliyoambiwa inafuta kila kitu.

Sindano ya mchoraji hupeleka wino kwenye tabaka la pili la ngozi, chini ya lile la juu linalojibadilisha kila baada ya wiki chache. Huko, seli za kinga huumeza wino na kukaa nao. Zikifa, nyingine huuchukua. Ndiyo maana mchoro haufutiki kwa kusugua. Krimu haifiki huko, na zile zenye haidrokwinoni au zebaki, ambazo zimepigwa marufuku nchini, huharibu rangi ya ngozi huku mchoro ukibaki palepale. Asidi inafika, ila inaunguza kila kitu njiani, na kovu la kuungua nalo linaonekana.

Njia inayotegemewa zaidi hospitalini ni leza. Mwanga mkali hupigwa kwa muda mfupi mno, wino ukasagika kuwa chembe ndogo ambazo mwili huziondoa wenyewe taratibu. Taratibu kweli: mara nyingi huhitajika vipindi sita hadi kumi, pengine zaidi, vikipishana wiki sita hadi nane. Hesabu hapo ni miezi mingi, pengine mwaka mzima au kupita, na kila kipindi kina malipo yake. Mwenye usaili mwezi ujao leza haitamwahi. Wino mweusi hutoka vizuri. Kijani na njano ni wasumbufu, na wakati mwingine hubaki kivuli.

Kwa ngozi nyeusi kuna jambo la kuuliza kabla ya kulipa. Rangi ya asili ya ngozi nayo hunyonya mwanga, hivyo mashine isiyofaa huacha baka jeupe au jeusi zaidi. Leza iliyo salama zaidi kwetu ni ya Nd:YAG yenye mawimbi ya nanomita 1064, na daktari makini hujaribu kwanza sehemu ndogo. Saluni yenye mashine isiyojulikana jina ni ya kuikimbia.

Tatuu ndogo inaweza kukatwa kwa upasuaji na ngozi kushonwa, mara nyingi kwa siku moja, na kubakiza kovu la mstari. Mwenye historia ya makovu yanayovimba aliseme hilo mapema, kwa leza au kisu. Kuchora ua juu ya jina la zamani ni nafuu, lakini humsaidia mke kuliko mwombaji wa kazi.

Pa kuanzia ni kwa daktari wa ngozi. Malengelenge yakitokea baada ya leza hayapasuliwi, na sehemu hiyo hufunikwa isipigwe na jua. Mjamzito husubiri hadi ajifungue.