Mtoto Anapopumua kwa Sauti

 

Je, mtoto wako hukoroma au kutoa mluzi anapopumua, hata akiwa macho na bila mafua? Jirani mmoja atasema ni pumu, mwingine atasema akatwe kimeo. Usiharakishe. Hebu kwanza tuelewe.

Jipapase shingoni, mbele, chini ya koo. Utahisi vitu vigumu vilivyopangana kama pete. Hizo ni gegedu, yaani mfupa laini kama ule wa sikio. Gegedu kama 16 hadi 20 hushikilia bomba la hewa lisijifunge. Watoto wengine huzaliwa gegedu hizo zikiwa hafifu. Mtoto anapotoa pumzi, bomba hubonyea na hewa hupita kwa shida. Ndipo ile sauti hutoka. Huzidi anapolia, anaponyonya au anapopata homa ya mafua. Wengine hukohoa kwa sauti nzito kama mbwa anayebweka.

Mama, hukufanya kosa lolote. Wala si kijicho cha mtu.

Kwa watoto wengi, gegedu hukomaa na shida huisha mtoto akikaribia miaka miwili. Hata hivyo, mpeleke kwa daktari athibitishe. Huenda akatazamwa kwa kamera nyembamba inayopitishwa kooni. Watoto wachache huzaliwa pete zikiwa mduara kamili na njia ikiwa nyembamba mno. Hao huenda wakahitaji upasuaji.

Kukata kimeo hakugusi bomba la hewa. Humwachia mtoto kidonda, kuvuja damu na hatari ya pepopunda. Pia usimnunulie dawa ya pumu bila kuandikiwa, kwani nyingine zaweza kuzidisha shida hii.

Nyumbani, mnyonyeshe polepole na umpumzishe katikati. Mweke mbali na moshi wa jiko na wa sigara. Kamilisha chanjo zote, pamoja na ile ya nimonia ambayo Kenya ilianza kuitoa mwaka wa 2011, kwa maana kifua kikimshika huumia zaidi.

Lakini midomo au ulimi ukigeuka buluu, kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya, akilegea, au akiacha kupumua hata kwa muda mfupi, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo, uwe mchana au usiku. Usingoje siku ya kliniki.

Mwambie na jirani yako.