Moto Uliofunikwa kwa Jivu: Maisha ya Waskoti wa Visiwani

Jina la Uskoti likitajwa, wengi wetu hukumbuka wanaume waliovaa nguo za mirabaraba zikomazo magotini, wakipiga zumari za mfuko. Lakini nguo na zumari ni mambo ya sikukuu. Atakaye kuwajua watu na aingie nyumbani mwao wakati wa jioni, atazame wanavyokaa na watoto wao.

Basi na tuziangalie nyumba za kale za kisiwa cha Lewis, kaskazini-magharibi ya Uskoti. Kuta zake zilikuwa nene, za mawe, na mapaa yake ya majani yalifungwa kwa kamba zenye mawe mazito kwa sababu ya upepo wa bahari. Watu walikaa upande mmoja na ng'ombe upande wa pili, chini ya paa moja. Kwa kuwa miti ni haba huko, walichoma udongo mweusi wa kinamasi, waliokwisha kuukata vipande na kuuanika. Moto uliwaka katikati ya sakafu, wala haukuachwa kuzimika. Kila usiku mama mwenye nyumba aliyafunika makaa kwa jivu huku akimwomba Mungu, na asubuhi aliyafunua akayapuliza.

Katika usiku mrefu wa baridi, majirani walikusanyika penye moto huo. Mzee alisimulia hadithi na nasaba, wanawake walisokota sufu, na watoto walisikiliza. Nyumba ya mkutano kama huo waliiita taigh-cèilidh kwa lugha yao ya Kigaeli. Hata kazi ilikuwa darasa: wanawake waliizunguka meza, wakakipigapiga kitambaa cha sufu kilicholowa ili kishikamane, mmoja akitoa wimbo na wengine wakiitikia.

Sasa tutazame yaliyowafika. Mwaka 1872 ilitolewa sharia iliyowalazimisha watoto wote wa Uskoti kwenda shule. Elimu ni jambo jema. Lakini sharia ile haikuitaja lugha ya Kigaeli hata kidogo. Shule nyingi zilifundisha kwa Kiingereza tu, na pengine mtoto aliyesema lugha ya mama yake alipigwa, au alitundikwa kijiti shingoni ili aone haya. Wako wasomaji wetu wa Afrika Mashariki waliovishwa kibao shuleni kwa kosa hilo hilo. Hao hawana haja ya kuelezwa uchungu wake.

Na haya ilizaa hasara. Wazazi waliaibishwa utotoni, na walipopata watoto wengi wao walisema nao Kiingereza, wakidhani wanawafungulia mlango wa kazi. Mwaka 1891 wasemaji wa Kigaeli walizidi 250,000. Mwaka 2001 walibaki kama 58,000 tu.

Baadaye watu walizinduka. Mwaka 1985 yalianza huko Glasgow na Inverness madarasa ya shule za msingi yafundishwayo kwa Kigaeli, na mwaka 2005 ikatoka sharia ya kuilinda lugha hiyo. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa wenye kuijua, japo kwa kiasi, wamepita 130,000. Lakini hesabu hiyo hiyo ilionyesha jambo la kusikitisha: katika visiwa vya magharibi, vilivyo kitovu chake, wasemaji walishuka chini ya nusu ya wakazi. Shuleni idadi yapanda, na nyumbani yashuka.

Wahenga wetu walisema, moto huzaa jivu. Yule mama wa Lewis atufundisha kuwa jivu nalo huhifadhi moto, ikiwa yuko mtu wa kulifunua asubuhi. Mwalimu aweza kuleta kuni, lakini kaa lenyewe hukaa nyumbani. Enyi wazazi, usiku wa leo watoto wenu watasikia nini kutoka vinywani mwenu, na kwa lugha gani? Nanyi vijana, waulizeni wazee wenu khabari zao wangali hai.