Sauti inayozunguka chumba: inatoka wapi, na inatufundisha nini kuhusu nyimbo zetu

Siku hizi album nyingi za rock za miaka ya 1960 na 1970 zinatoka upya zikiwa zimesafishwa, na sauti yake inamzunguka msikilizaji pande zote. Hapa kwetu Baraka na Fizi wenye vyombo vya kusikiliza vile ni wachache. Wengi tunatumia redio, telefone ao bafle moja ya sola. Lakini ni vizuri kuelewa kazi hiyo inafanywa namna gani, kwa sababu inatuonyesha kitu cha kutunza leo ili watoto wetu wasikie kesho.

Bafle sita, kila moja na kazi yake

Muziki wa stereo una njia mbili, kushoto na kuume. Ukiupiga kwa bafle moja, njia zote mbili zinachanganyika. Ukivaa spika ndogo za masikioni, utasikia gitaa huku na sauti ya mwimbaji kule. Mtindo wa kuzunguka unaoitwa 5.1 unaongeza njia: bafle tatu mbele, mbili kando kwa nyuma, na ya sita kwa ajili ya bezi peke yake. Msikilizaji anakaa katikati.

Mfano unaojulikana ni album ya kikundi cha Uingereza, Pink Floyd, inayoitwa The Dark Side of the Moon, ya mwaka 1973. Mwaka ule ule fundi Alan Parsons aliichanganya kwa bafle nne. Mwaka 2003 James Guthrie akaitengeneza kwa 5.1. Aliwezaje, kiisha miaka 30? Ni kwa sababu tepu za kwanza zilikuwa zimetunzwa. Zilikuwa na njia 16: ngoma zake, gitaa zake, waimbaji zao.

Ni kama chakula. Aliyetunza sombe, mawese na samaki kila kimoja mu chombo chake, anaweza kupika tena kwa kipimo kingine. Aliyebaki na chungu kilichoiva anaweza kukipasha moto tu. Mawese hayatoki tena. Kusafisha rekodi ya zamani ni kupasha moto: fundi anapunguza kelele na kusawazisha bezi na sauti za juu. Kuizungusha chumbani ni kupika upya, na kunahitaji vile vyombo vya kwanza.

Na muziki wa Kongo?

Studio za Léopoldville kama Ngoma, iliyoanza 1948, na Loningisa, iliyoanza 1950, zilirekodi wanamuziki wakipiga wote pamoja, na sauti zote ziliingia mu njia moja. Kule Katanga, miaka ya karibu na 1950, Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Jadotville (leo Likasi) aliyeimba kwa Kiswahili. Rekodi za Tracey zilitunzwa Afrika Kusini, mu maktaba ya muziki aliyoianzisha 1954. Kwa hiyo ziliweza kusafishwa na kutolewa tena, na tunamsikia Bosco mpaka leo. Gitaa moja na mwimbaji mmoja hawahitaji bafle sita. Walihitaji mtu wa kutunza rekodi.

Kompyuta sasa inaweza kutenganisha vitu vilivyochanganyika. Mwaka 2023 Beatles walitoa wimbo ambao sauti ya John Lennon, aliyekufa 1980, ilitolewa mu kaseti ya nyumbani aliyoimba na piano. Lakini kaseti ilikuwepo. Kama ingepotea, hakuna mashine ingesaidia.

Hapo ndipo shida yetu iko

Tangu 1996 watu wengi wa Fizi wamekimbia vita, wengine mpaka kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Mtu akikimbia anabeba mtoto na sufuria. Kaseti ya harusi ao ya kwaya inabaki. Leo rekodi iko mu telefone, na telefone inaibiwa, inaanguka mu ziwa, inajaa tukafuta. Mzee anayejua nyimbo za Kibembe akiondoka, mara nyingine kilichobaki ni video moja iliyopitia telefone kumi.

Mambo manne yanawezekana bila pesa nyingi:

– Rekodi kwa telefone mbili, moja karibu na waimbaji, nyingine karibu na ngoma. Piga makofi mara moja mwanzoni, ili fundi aweze kuzilinganisha baadaye. Tunza zote mbili.

– Sema mwanzoni nani anaimba, wapi, na tarehe gani. Rekodi isiyo na jina ni kama mtoto asiyejua kwao.

– Usifute ile ya kwanza. Video ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida inapunguzwa. Itume kama dokima, ifike nzima.

– Weka kopi mahali pawili: moja nyumbani, nyingine kwa ndugu aliye Uvira, Bukavu ao Kigoma. Kadi ya memori inakufa bila kutoa taarifa.

Wale wa London hawakujua mu 1973 kwamba siku moja kutakuwa bafle sita. Walitunza tepu tu. Na sisi hatujui watoto wetu watasikiliza kwa chombo gani, lakini tunajua hawatasikia kile tulichofuta.