Mwalimu "Notorious" wa Qur'ani



Hivi karibuni tulisafiri bara kumzuru binti yetu anayesoma Embu. Akatuonyesha barua aliyokusudia kuipeleka kuomba msaada wa karo, imeandikwa kwa Kiingereza cha juu, na ndani yake babake, yaani sisi, ametajwa kuwa mwalimu "notorious" wa Qur'ani. Neno hilo alilitoa katika orodha ya misamiati. Mbele yake pameandikwa "maarufu", basi. Hapakuelezwa kuwa ni umaarufu wa uovu. Waswahili husema mwizi sugu. Nani amesikia mwalimu sugu? Tulicheka, kisha kicheko kikakatika, kwani barua ingewafikia watu wasiotujua.

Kosa, kusema kweli, lilianza kwetu. Siku za likizo tulikuwa tukimpa maneno ishirini kila usiku, akiyahifadhi nasi tukiridhika. Ilhali sisi wenyewe chuoni tuliulizwa mzizi wa neno, na maneno linaloandamana nayo.

Kutoka Embu tulipitia Chuka hadi Meru, kwa mpwa wetu anayejiandaa kwa KCSE. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina kifungu chenye mapengo kumi ya kujazwa, na hapo orodha haifai kitu bila ya kujua neno hukaa wapi. Wenzake darasani nyumbani husema Kimeru, Kiembu au Kiborana. Kiingereza ni kigeni kwao wote, wala mtoto wa pwani hana sababu ya kuona haya.

Tena ana akiba asiyoijua. "Cipher", maandishi ya siri, latokana na sifr ya Kiarabu, ndiyo sifuri yetu. "Algebra" ni al-jabr, neno lililomo katika jina la kitabu cha Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9. "Tariff", yaani ushuru wa forodha, ni ndugu wa taarifa. Kijana alitaka mengine na mengine, tukakaa naye mpaka adhana ya Magharibi.

Mama asiyejua Kiingereza naye ana sehemu yake. Amuulize mwanawe: neno hili ni la sifa au la kashifa? Huambiwa nani? Mtoto akikwama, na arudi kwenye kamusi, asome mfano wa sentensi.

Barua ya binti yetu imeandikwa upya. Safari hii babake ni "respected". Majibu bado twayangoja.