Kwa nini wimbo unagoma kutoka kichwani saa nane za usiku

Usiku wa kuamkia siku ya kutetea pendekezo langu la utafiti sikulala. Hofu ilikuwepo, ndiyo, lakini kilichonikesha hasa ni tangazo la sabuni. Nililisikia jioni kwenye daladala, redio ya dereva ikiwa juu, sekunde ishirini hivi tu. Kufikia saa nne usiku lilikuwa limeshahamia kichwani na mizigo yake yote: sauti ya yule dada, kinanda, hadi yale makofi ya mwishoni. Nikajiambia, acha kulifikiria. Likazidi. Nikaona nitumie akili: nikaweka muziki laini wa piano usio na maneno, nyimbo ninazozijua zilizopigwa taratibu, ili usingizi uje. Tangazo likaondoka kweli. Nafasi yake ikachukuliwa na piano, na saa nane bado ilikuwa inapiga, simu nikiwa nimeshaizima zamani.

Baadaye nilipoanza kusoma tafiti za jambo hili nikagundua kwamba karibu kila nilichofanya usiku ule ndicho hasa hakitakiwi.

Wajerumani wana neno lake, Ohrwurm, yaani mdudu wa sikioni. Sisi tunasema tu wimbo umenasa, na inatosha. Kama nawe unanaswa, usijione wa ajabu. Mtafiti Lassi Liikkanen aliwauliza zaidi ya watu 12,000 wa Finland kupitia intaneti, na takriban 9 kati ya kila 10 wakasema huwapata angalau mara moja kwa wiki. Hata mafua hayana wateja wengi hivyo.

Sasa, huko ndani kunatokea nini? Mwaka 2005 watafiti wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, walifanya jaribio ambalo mimi nalipenda sana kwa urahisi wake. Waliwalaza watu kwenye mashine ya MRI, wakawachezea nyimbo, kisha wakakata vipande vya sekunde chache na kuacha kimya. Wimbo ukiwa mgeni, kimya kilikuwa kimya. Ukiwa unaojulikana, maeneo ya ubongo yanayoshughulikia sauti yaliendelea kufanya kazi wakati sikioni hakuna kitu. Yaani ubongo uliziba pengo wenyewe, bila kuombwa, na washiriki wakasema waliusikia wimbo ukiendelea.

Kuna jambo jingine kwenye jaribio lile ambalo watu hulipita haraka. Wimbo ukiwa na maneno, kazi ile iliishia kwenye maeneo ya pembeni yanayosaidia kutambua sauti. Ukiwa wa ala tupu, ilishuka hadi kwenye eneo la msingi kabisa, lile linalopokea sauti halisi zinapotoka masikioni. Ni kama vile maneno yanaupa ubongo njia ya mkato, na yasipokuwepo inabidi ujenge sauti yenyewe kuanzia chini. Shikilia hapo, tutarudi.

Unaweza kudhani basi kinachocheza kichwani ni kivuli tu cha wimbo, kitu cha kukadiria. Mimi nilidhani hivyo. Kumbe sivyo. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, waliwaomba watu 30 waimbe na kujirekodi kwenye simu kila walipoulizwa na kukuta wimbo umewanasa. Hawa hawakuteuliwa kwa sababu ni wanamuziki. Kisha rekodi zikalinganishwa na nyimbo zenyewe. Asilimia 44.7 zilikuwa kwenye sauti ileile ya wimbo halisi, bila kukosea hata nusu hatua. Asilimia 68.9 hazikukosea zaidi ya hatua moja ndogo, ile ya kutoka kitufe kimoja cha kinanda hadi cha jirani yake, vyeusi vikihesabiwa.

Hebu tulia kidogo na hizo namba. Walimu wa muziki husema kwamba kushika sauti kamili bila kupewa ya kuanzia ni kipaji cha watu wachache mno. Muulize mwanakwaya yeyote: bila mwalimu kutoa sauti kwanza, kila mtu anaingia kivyake. Ila wimbo ukijileta wenyewe, mtu wa kawaida anakuwa ameubeba karibu kama ulivyorekodiwa. Unaweza kujaribu: ukinaswa, usiusikilize tena, jirekodi kwanza ukiimba, halafu ndipo uufungulie ulinganishe. Mimi nilijaribu na lile tangazo. Nilikuwa kitufe kimoja chini, na mwenzangu wa chumbani akaniomba nisirudie.

Kwa hiyo tunazungumzia kumbukumbu nzito, inayojirudia bila wewe kuiita. Na inaonekana kujirudia huko kuna faida. Benjamin Kubit na Petr Janata, wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliwafundisha watu vipande vya muziki wasivyovijua, kisha wakaviambatanisha na vipande vya filamu. Kadiri kipande kilivyomchezea mtu kichwani siku zilizofuata, ndivyo alivyokumbuka vizuri zaidi muziki na hata yaliyotokea kwenye filamu. Ukiwahi kusikia wimbo wa zamani ukaona kabisa sebule ya bibi yako na rangi ya mapazia, hapo ndipo penyewe.

Nyimbo gani hunasa zaidi? Kelly Jakubowski na wenzake walikusanya majibu ya watu 3,000, wakaona kwamba zinazonasa huwa na mwendo wa kasi kidogo, melodia inayopanda na kushuka kwa njia iliyozoeleka, halafu mahali fulani ndani yake kuna mruko usioutarajia. Lakini nyimbo zilizochambuliwa zilikuwa za pop za Magharibi. Singeli inakwenda mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, na taarabu inaweza kukaa kwenye ubeti mmoja hadi chai ipoe. Asije mtu akakuambia kanuni hizo ni za binadamu wote. Kama kuna mwanafunzi anatafuta mada ya tasnifu, hii hapa, achukue.

Turudi kitandani kwangu. Kosa la kwanza lilikuwa kujiamuru niache. Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake walichapisha jaribio maarufu: waliwaambia wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe, na kila anapowajia wapige kengele. Kengele zililia. Na waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, walimfikiria kuliko wale ambao hawakukatazwa. Sababu yenyewe ni ya kuchekesha: ili uhakikishe hufikirii kitu, lazima sehemu fulani ya akili iwe inachungulia kama kipo. Na ikichungulia, inakikuta.

Kosa la pili ndilo liliniuma zaidi, maana nilikuwa nawashauri wenzangu wafanye hivyohivyo. Michael Scullin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, mwaka 2021, waliwalaza watu 50 maabara. Kabla ya kulala wengine walisikiliza nyimbo tatu maarufu, mojawapo "Shake It Off" ya Taylor Swift, na wengine wakasikiliza nyimbo hizohizo zikiwa za ala tupu. Wengi tungebeti kwamba zenye maneno ndizo zitasumbua. Ikawa kinyume: za ala tupu ndizo zilizonasa zaidi, na waliozisikiliza walilala vibaya zaidi. Walionaswa walichelewa kupata usingizi na kuamka mara nyingi usiku, na mawimbi ya ubongo wao yalionyesha dalili kwamba muziki ulikuwa bado unashughulikiwa hata wakiwa wamelala. Unakumbuka wale wa Dartmouth? Kuunganisha tafiti hizi mbili ni kazi yangu, msiwalaumu wenyewe, lakini naona ubongo uliopewa wimbo unaoujua bila maneno yake unaachiwa kazi ya kumalizia. Nami niliupa kazi hiyo saa tano usiku.

Kama umenaswa sasa hivi, dawa za maabara ni za bei nafuu. Bigijii, kwa mfano. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, waliona mwaka 2015 kwamba waliotafuna baada ya kusikia wimbo walisumbuliwa nao mara chache kuliko wasiotafuna. Inaelekea mdomo na ulimi vinahusika hata unapoimba kimoyomoyo, na ukivipa shughuli nyingine, yule mwimbaji wa ndani anakosa vifaa. Au fanya fumbo la maneno. Ila Ira Hyman na wenzake, kwenye tafiti zao za 2013, waliona kwamba kazi nyepesi mno huacha mlango wazi, na ngumu mno hukufanya ukate tamaa, akili ikatangatanga, wimbo ukarudi. Kwa maoni yangu ndiyo maana sura ya takwimu kwenye tasnifu haimsaidii mtu hata kidogo.

Kwa wachache, hasa wenye tatizo la mawazo yanayojirudia kwa nguvu, wimbo unaweza kukaa hadi ukavuruga kazi na usingizi kwa wiki na wiki. Huyo asiambiwe atafune bigijii. Aende kwa mtaalamu wa afya ya akili, msaada upo.

Mimi muziki nimeuhamishia asubuhi. Usiku nasikiliza kipindi cha mazungumzo, mzee mmoja anayeeleza kilimo cha mihogo kwa sauti ya chini sana, na mpaka leo sijawahi kufika kwenye mbolea.