Baruti Chumbani, Risasi Mikononi

Lugha yetu ina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni ile itokayo katika bunduki, na risasi ni madini yenyewe, yale mazito. Leo tuangalie mahali zinapokutana zote mbili: chumba cha nyumbani.

Nchini Marekani, mwenye bunduki anayejaza upya maganda kwa matumizi yake mwenyewe hahitaji leseni ya serikali kuu. Anayetengeneza kwa biashara ndiye anayebanwa na sheria ya mwaka 1968. Basi wawindaji na walenga shabaha wengi huokota maganda yaliyokwisha kupigwa, wakayatia fataki mpya, baruti na kichwa cha risasi.

Je, baruti ilale nyumba moja na watoto? Kanuni za NFPA, chama cha kuzuia moto cha huko, zinaruhusu nyumbani ratili 20 za baruti isiyo na moshi, yaani kilo 9 hivi, katika makopo yake ya asili. Ikizidi hapo, iwekwe katika sanduku la mbao. Kwa nini si chuma? Baruti hii ikiwaka mahali pa wazi huungua upesi tu; ikibanwa ndani ya chombo imara, mvuke wake hukosa njia, na hapo hulipuka. Fataki nazo hulipuka kwa kugongwa, hivyo zibaki katika pakiti zake, mbali na baruti.

Mezani hukaa kopo moja tu la baruti. Mizani hukaguliwa, na kila ganda humulikwa, kwani ganda lililojazwa mara mbili laweza kupasua bunduki usoni mwa mpigaji. Hata redio huzimwa!

Lakini adui asiyepiga kelele ni vumbi la madini ya risasi, litokalo katika fataki zilizokwisha kulipuka. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini hayo kinachojulikana kuwa salama, na ubongo wa mtoto ndio huumia zaidi. Kwa hiyo maganda yasisafishwe jikoni, sakafu ipanguswe kwa kitambaa kibichi, na mikono ioshwe kabla ya kula.

Kufuli la mlangoni humzuia mwizi. Vumbi hutoka na baba mwenyewe, katika nguo zake, likamfikia mtoto anayekimbia kumpokea. Fundi wa betri za magari hapa kwetu, madini ni yale yale: nawe badili nguo kabla ya kumbeba mwanao.